Rudilia Mpaka

Mtu aliyenifundisha kuandika programu alikuwa mbishi kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka kwanza nje kutazama, halafu akarudi kukuambia kwamba hiyo si mvua, ni manyunyu. Alikuwa mtu wa Rutshuru. Nyumbani aliongea Kinyarwanda na mke wake, darasani Kiswahili na sisi, na Kifaransa alikiacha kwenye vitabu. Wazazi wangu mimi ni Wakatoliki waliotoka upande wa Bukavu. Baba alikuwa karani. Nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo katika chuo kimoja hapa Goma, kisha akanichukua tufanye kazi pamoja. Nilimwita muzee. Yeye aliniita mama, kama watu wa kwetu wanavyomwita hata msichana.

Kazi yetu ilikuwa lugha. Si lugha ya kinywa, bali lugha ya kuiamuru mashine. Muzee alikuwa ameitunga polepole kwa miaka, na maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili chetu, kwa sababu alichoka kuona wanafunzi wakikariri maneno ya kigeni wasiyoyaelewa. Ndani ya lugha hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu iguswe: kitu kikishapewa jina na thamani yake, hakibadiliki tena. Ukisema kimo cha maji ni kumi, ni kumi mpaka programu iishe. Ukitaka kumi na moja, tafuta jina lingine.

"Kintu kinachobadilika nyuma ya mugongo wako," alikuwa akisema, "huwezi kukiamini."

Programu zilizoandikwa hivyo zilikuwa rahisi kukagua. Uliweza kuisoma programu kama hesabu ya ubaoni, mstari kwa mstari, ukajua itatoa nini kabla hujaiwasha.

Shida ilikuwa kurudia. Katika lugha nyingine unaiambia mashine izunguke: fanya hili, rudi juu, fanya tena, huku kihesabio kikipanda. Kihesabio kinachopanda ni kitu kinachobadilika, kwa hiyo kwetu kilikatazwa. Kwetu, ukitaka kurudia jambo, uliandika kazi, yaani kipande cha programu chenye jina, inayojiita yenyewe. Inafanya mara moja, inajiita, inafanya tena, inajiita. Ni njia nzuri, na kwenye kompyuta kubwa huoni tatizo. Lakini kila inapojiita, mashine inajiwekea alama ya kukumbuka pa kurudi, na alama zinarundikana. Mashine ndogo ikijaa alama, inakufa.

Na sisi tulikuwa tumeanza kutumia mashine ndogo sana. Tulizifunga kwenye matangi ya maji, moja Kituku karibu na soko la samaki, nyingine Lac Vert, barabara ya Sake, katikati ya vibanda vya watu waliokimbia vita. Kila moja ilipima maji yanayopita na kudondosha dawa ya kuzuia kipindupindu, tone kwa tone, kadiri ya maji. Tulizipanga hivi: mashine ikifa, bomba linajifunga, ili mtu asinywe maji yasiyo na dawa. Wote wawili tulikuwa tumeona watu wakifa kwa kipindupindu, kwa hiyo hapo hatukubishana.

Asubuhi mashine zilifanya kazi vizuri. Jua likipanda zilikuwa zimejaa, zinakufa, bomba linajifunga, na mmoja wetu anapanda pikipiki kwenda kuziwasha upya.

"Muzee, tuweke muzunguko," nilimwambia. "Wa kweli. Mashini irudi juu bila kuacha alama."

"Ukileta muzunguko, unaleta na bintu binabadilika."

"Tutaleta kimoja tu."

"Mwizi naye anaanzaka na kimoja."

Alikuwa na dawa yake mwenyewe. Programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, tuliyoiita mfasiri, alikuwa ameifundisha kutambua pale ambapo kujiita ndilo jambo la mwisho la kazi. Hapo haikuweka alama. Ilisaidia kidogo. Lakini mashine za matangi zilibeba pia vipimo vya saa zilizopita ili zipate wastani, na kwa kuwa hakuna kinachobadilika, kila mzunguko ulinakili vipimo vyote upya. Kumbukumbu ilijaa vilevile, kwa mlango mwingine. Nilimwonyesha. Akasema atafikiri. Tuligombana hivyo majuma mengi, yeye akiwa na kahawa mkononi, mke wake akitucheka kutoka jikoni. Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, na aliwahi kuniambia kwamba tangu aolewe hajawahi kushinda neno hata moja kwa mume wake, ila bei ya maharagwe.

Vita ilikuwa Sake wakati huo. Mabomu yaliruka juu ya vilima mchana kutwa, na kule Lac Vert watu walishajua kutofautisha mlio wa bomu linaloondoka na wa bomu linalokuja. Siku moja nilifika kwa pikipiki nikakuta msururu mrefu kuliko siku zote, bidoni, yale madumu ya njano ya maji, zimepangwa mpaka barabarani. Bomba lilikuwa limejifunga. Mama aliyelilinda, mwanamke wa Masisi mwenye sauti nzito, alikuwa amesimama juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano ambayo mji wetu wote umejengwa nayo, akiwazuia watu wasilivunje.

"Mashini yenu imekufa tena," aliniambia. "Hawa batu bananitukana toka asubui."

"Ninaiwasha sasa hivi, mama."

"Fanya mbio."

Nilikuwa nimepiga goti nyuma ya tangi nafungua kisanduku cha mashine ndipo bomu lilipoanguka. Mlio sikuusikia. Ardhi ilinipiga kifuani, halafu vikaanza kunyesha vipande vya mawe na vya plastiki ya njano. Tangi lilinikinga. Nilipozunguka upande wa pili, msururu haukuwepo. Walikuwepo watu waliolala na watu waliotambaa. Mzee mmoja wa msururuni alikuwa ameketi akipapasa chini kwa mkono wa kushoto, na alichokuwa akikitafuta ni mkono wake wa kulia. Mama wa bomba alikuwa palepale kwenye mawe yake, ila ameketi, ameegemea tangi, macho wazi, tumbo limepasuka. Chuma cha bomu kilikuwa kimetoboa tangi juu ya kichwa chake, na maji yalimwagika usoni mwake, yakashuka pamoja na damu hadi kwenye viatu vyangu.

Waliokuwa wazima walirudi upesi. Wa kwanza hawakuja kwa wafu. Walikuja na bidoni kukinga maji yaliyotoka kwenye matundu, wakiruka miili. Siwahukumu. Hawakuwa wamenywa tangu asubuhi.

Tulifunga wenye majeraha juu ya pikipiki, mmoja katikati ya watu wawili ili asianguke, na madereva wakakimbia nao mjini. Mimi nilirudi kwa miguu sehemu ya njia. Muzee alinipokea mlangoni, akatazama nguo zangu, akaniuliza kama damu ni yangu. Nikamwambia hapana. Nikamweleza.

"Juu ya nini batu walikuwa wengi vile fasi moja, pahali pamoja?" aliuliza.

"Bomba lilikuwa limejifunga, muzee. Walikuwa wananingoja."

Aliingia chumbani kwake, na sikumwona tena siku hiyo. Mke wake alinimwagia maji uani, akanisugua mgongo kama mtoto, akalia badala yangu, maana mimi machozi yalikataa.

Kesho yake nilimkuta muzee ameketi mbele ya kompyuta, hajanyoa.

"Nimepata namna," alisema. "Hatutabadilisha kintu. Lakini muzunguko utakuwepo."

Akanionyesha. Neno jipya la lugha yetu lilikuwa "rudilia," jinsi sisi watu wa Goma tunavyosema kufanya tena. Unaandika "rudilia," unataja majina yako na thamani zake za kuanzia, unasema itaendelea mpaka nini kitokee. Mwisho wa kila duru unatoa thamani mpya kwa ajili ya duru inayofuata. Ndani ya duru moja hakuna kinachobadilika. Jina ni lilelile na thamani ni ileile kutoka juu mpaka chini. Duru ikiisha, yote yanafutwa na duru mpya inakaa mahali palepale pa kumbukumbu. Hakuna alama ya kurudi, kwa sababu hakuna pa kurudi. Anayesoma anaona hesabu ileile safi. Mashine chini yake inaruka tu kwenda juu.

"Na vipimo?" nilimwuliza. "Ile kunakili?"

"Hapo ndipo kuko kazi. Mfasiri aangalie kama kuko mutu mwingine, kipande kingine cha programu, ameshika vile vipimo. Kama hakuna, aandike juu ya vya zamani. Nani atajua? Kama kuko, anakili."

Lilikuwa suluhisho la mtu mbishi: kuvunja sheria mahali ambapo hakuna shahidi. Nilitaka kumkumbatia, lakini nyumbani kwao hatukuwa watu wa kukumbatiana. Tuligawana kazi. Yeye alishika sehemu ngumu, ya kujua nani ameshika nini. Mimi nilishika kugeuza "rudilia" kuwa amri za mashine.

Hatukumaliza. Vita iliingia mjini.

Mama yangu alikuwa amekwenda kwa dada yake Bukavu kwa mashua. Mtaa wangu uko karibu na uwanja wa ndege, na huko nyumba zilikuwa zinaungua, kwa hiyo nilihamia kwa muzee. Nyumba yao ilikuwa nusu makoro, nusu mbao. Tulikaa kwenye korido, kwa sababu hapo mawe yalitukinga pande mbili. Risasi zilipita kwenye mbao za sebule kama misumari kwenye katoni. Moja ilitoboa sufuria la maharagwe jikoni, na mchuzi ukazima moto. Jirani wa mbele, seremala, alitoka kuchota maji, akapigwa risasi ya shingo kwenye lango lake. Alichukua muda mrefu kufa. Tulimsikia akimwita mke wake, na mke wake akimjibu kutoka ndani kwamba anakuja, anakuja, lakini kila alipogusa mlango risasi zilianza tena. Kisha akaacha kuita.

Watu huniuliza tulifanyaje kazi katika hali ile. Nadhani ni kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yetu. Tulikuwa na betri ya jua na kompyuta mbili, na mashine moja ndogo ya akiba pamoja na pampu yake ya matone, tukaziweka chini kati ya magunia ya maharagwe.

Milio ilipotulia, ilikuwa mchana, wakaja watu wenye bunduki. Sitasema ni wa upande gani. Siku zile pande zote zilipita mtaani kwetu, na wote walibisha hodi kwa kitako cha bunduki. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima aliyefunga kitambaa kichwani, na alijua kusoma. Mara nyingi nimetamani asingejua.

"Kuko antena juu ya nyumba yenu," alisema.

"Ni sahani ya umeme wa jua," muzee alijibu. "Si antena."

Hilo lilikuwa kosa lake la asili, kumsahihisha mtu. Yule mtu alimpiga kofi. Halafu akaona kompyuta, imewaka, na maandishi yetu yakiwa wazi kwenye kioo. Aliinama akasoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya kila neno.

"Piga kipimo. Tuma tone. Rudilia mpaka kikomo."

Aliinua kichwa.

"Munapiga nani?"

Katika lugha yetu "piga" lilikuwa neno la kuita kazi. Muzee alilichagua kutokana na kupiga hesabu. Lilikuwa kila mahali, karibu kila mstari.

"Ni kupiga hesabu, afande," alisema. "Ni programu ya maji."

"Kipimo ni nani?"

"Si mutu. Ni kiasi cha maji."

"Na munarudilia mpaka gani? Mpaka wa Gisenyi, kule Rwanda?"

"Ni mpaka ya kusema... mpaka kintu kifike."

"Kintu gani kifike? Bombu?"

Mimi niliongea, mke wa muzee akaongea, sote kwa pamoja, na mmoja wa wale wengine akatunyamazisha kwa kuingiza risasi bundukini. Mkubwa alimwamuru muzee aweke mkono juu ya jiwe la kizingiti. Mkono wa kuume. Muzee alimtazama kama mtu ambaye hajaelewa swali la mtihani. Yule wa pili akampigisha magoti na kuubana mkono wake.

"Nani anakutuma?"

"Hakuna, afande."

Kitako cha bunduki kilishuka. Nilisikia mifupa kabla ya kusikia sauti yake.

"Rudilia ni kusema nini?"

"Kufanya tena," muzee alisema.

"Kufanya tena. Basi na mimi ninarudilia. Mpaka useme."

Akarudia. Sikuhesabu. Mara ya kwanza muzee alipiga kelele, kisha akawa anatoa sauti ndogo ya pumzi tu, kama mtu anayebeba gunia. Mke wake alikuwa anasali kwa Kinyarwanda, na nilimshika kiuno asimrukie yule mtu, kwa sababu nilijua watamuua. Aliniuma mkono. Nina kovu.

Nilisema, "Afande, ninaweza kukuonyesha. Leta kikombe."

Sijui kwa nini alinisikiliza. Labda mkono wake nao ulikuwa umechoka. Niliweka kikombe chini ya pampu ndogo, nikaunganisha nyaya, nikapeleka programu kwenye mashine ya akiba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa "rudilia" kuwashwa nje ya kompyuta. Haikuwa imekamilika, sehemu ya muzee, ile ya kujua nani ameshika nini, ilikuwa na mashimo. Nilibonyeza. Pampu ikalia tik. Tone likaanguka kikombeni. Tik, tone. Tik, tone.

Walisimama wote watatu wakitazama kikombe. Damu ya muzee ilikuwa inatiririka kwenye kizingiti. Mkubwa aliinama akachungulia kikombeni.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, afande."

Mmoja wao alicheka. Mkubwa hakucheka. Nadhani aliona aibu, na aibu ya mtu mwenye bunduki ni kitu kibaya. Alipiga mashine teke ikagonga ukuta, akaikanyaga mpaka ikasagika. Walichukua kompyuta zote mbili na betri na maharagwe, wakamchukua na muzee, abebe gunia kwa mkono uliobaki.

Kwa siku kadhaa hatukujua alipo. Mimi na mke wake tulizunguka mji. Miili ilikuwa bado barabarani, imevimba, wengine wamefunikwa kanga, wengine hapana, na watu wa kujitolea waliipakia kwenye magari wakiwa wamefunga pua. Mke wa muzee alifunua kila kanga. Alikuwa anasema, "Pole, baba," au "Pole, mwanangu," halafu anamfunika tena na kuzinyoosha pembe za kanga. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa natazama mikono tu.

Muzee alirudi mwenyewe, kwa miguu, kutoka upande wa bandari. Walimchosha kwa mizigo wakamwacha. Mkono ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo na ulinuka. Hospitalini tulimlaza sakafuni koridoni, kati ya mwanamke aliyepigwa risasi ya nyonga na askari aliyekosa taya. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, alimwangalia kwa muda mfupi akasema vidole viwili vinatoka leo au mkono mzima utatoka kesho. Dawa ya ganzi ilikuwa imewaishia. Tulimshika sisi, mke wake kichwani, mimi miguuni, na mtu nisiyemjua akamkalia kifua.

Aliporudi nyumbani, hakuwa mbishi tena.

Mwanzoni nilidhani ni maumivu. Mke wake akisema chakula kimeiva, "sawa vile." Akisema tuhame, "sawa vile." Akisema tusihame, "sawa vile." Mtu akiingia na kusema jambo la uongo mtupu juu ya vita, alitikisa kichwa kukubali. Alikaa juu ya mkeka, mkono umefungwa bendeji, akitazama kizingiti.

Mimi nilikuwa na nakala ya zamani ya lugha yetu nyumbani kwetu, ambako moto haukufika, bila "rudilia," na nikaazima kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Watu walikuwa wanakunywa maji ya ziwa yasiyo na dawa, na kipindupindu kilikuwa kimeanza. Niliandika upya sehemu yangu, nikafika kwenye sehemu yake. Nilikaa karibu na mkeka wake na kumwuliza kila hatua. Alisema sawa vile. Nikamwuliza njia hii au ile. Alisema sawa vile, zote ni nzuri.

Siku moja nilimtega. Nilimwambia, "Muzee, nimeamua mfasiri asiangalie tena nani ameshika nini. Aandike tu juu ya vipimo vya zamani, kila mara."

Hilo lingeua sheria yake. Kila kitu katika lugha kingeweza kubadilika nyuma ya mgongo wa mtu. Mtu niliyemjua angesimama.

"Sawa vile, mama," alisema.

Nilitoka uani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Lac Vert.

Niliimaliza peke yangu, bila lile nililomtegea. Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa amekianza: kila kundi la vipimo lilipaswa kubeba hesabu ya walioshika, na hesabu ikiwa moja, ndipo unaandika juu yake. Nililiondoa neno "piga" katika lugha nzima, nikaweka "ita." Sikumwuliza, kwa sababu nilijua jibu. Nilifunga mashine mpya kwenye tangi la Kituku. Siku ya kwanza nilikaa hapo tangu asubuhi, mgongo kwenye ukuta, nikingoja ife. Jua likapita utosini. Wavuvi wakaleta sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanawake wakagombania bei, wawili wakapigana kwa bidoni kwenye msururu mpaka mmoja akatoka damu puani, na mashine iliendelea. Jioni niliwaambia wauza samaki kwamba haijafa. Hawakuelewa kwa nini nawaambia.

Barabara ya Rutshuru ilipofunguka, mke wa muzee aliamua waende kwenye mashamba yao. Niliwasindikiza kwenye gari. Muzee alinipa mkono wa kushoto.

"Utanitumia unavyoongeza?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa majuma mengi.

"Nitatuma kwenye simu ya mama."

"Sawa vile."

Nilituma. Kila nilichogusa katika lugha nilimtumia, na jibu halikuja, au mke wake alinijibu kwamba ameona. Miezi ikapita hivyo. Kisha Kituku kikaniletea tatizo jipya. Kipimo cha maji kilikuwa kinachafuka na matope na kutoa namba za ajabu, na "rudilia" ilikuwa inaendelea mpaka mwisho wa duru, ikidondosha dawa kwa namba ya uongo. Niliongeza neno moja, "toka," la kukatisha mzunguko katikati, popote ulipo. Lugha nyingi zinalo. Nilimtumia kama kawaida.

Simu ililia mchana, nikiwa sokoni.

"Hii 'toka' ni nini?"

Hakunisalimu. Nilisimama katikati ya watu.

"Ni ya kukatisha, muzee. Kama kipimo kimeharibika."

"Mutu anayesoma mustari wa kwanza wa rudilia anajua itaisha lini. Ndiyo maana niliiandika vile. Wewe sasa unamuficha milango ndani ya nyumba. Atasoma yote, ukurasa muzima, ndio ajue imeisha juu ya nini. Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Kipimo kikiharibika katikati ya duru, mustari wa kwanza umeshapita. Tone limeshaanguka."

"Basi kipime kabla ya tone. Juu. Fasi yake ni juu."

"Kinaharibika baada ya kukipima, muzee, uko hapa? Mimi ndiye ninakaa na hii mashini."

"Unakaa nayo na hauioni."

Alikuwa anapiga kelele. Watu wa sokoni walinigeukia, maana sauti yake ilitoka nje ya simu. Nami nilianza kupiga kelele. Nilimwambia kwamba watoto wananywa dawa nyingi kupita kiasi kwa sababu ya usafi wake. Aliniambia nimekuwa mvivu. Kisha nikasikia simu ikinyang'anywa, na mke wake akaja.

"Mutoto yangu," alisema, "unamufanya nini? Amekasirika toka asubui. Amekataa kula. Amesema ugali yangu ni mbichi."

"Pole, mama."

"Usiseme pole." Alikuwa anacheka, au analia, mtandao ulikuwa mbaya. "Ngoja, anairudisha simu. Anataka kusema tena. Usimukubalie haraka."

Sikumkubalia. Tulibishana mpaka salio lao likaisha. "Toka" bado imo katika lugha yetu, na yeye bado anaandika programu zake bila kuitumia, kwa mkono wa kushoto, polepole, na kila akinitumia moja ananieleza jinsi ingekuwa mbaya kama angeiandika kwa njia yangu.